Ngoma imelegea? Iwambeni upya kabla ya Bulabo

Mashindano ya ngoma Usukumani hayaamuliwi na meza ya majaji. Vyama viwili vya wachezaji hushindana: Bagika wanacheza huku, Bagalu kule, kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Ngoma ikilegea katikati ya mchezo, umati unahama. Katika Bugobogobo, ngoma ya kucheza na majembe, ni mbaya zaidi, maana majembe yanafuata mdundo. Kundi linalolenga Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma ya Juni pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, lianze kazi ya ngozi mapema Mei. Mvua huwa bado zipo na ngozi hukauka polepole.

Ngoma kubwa inataka ngozi ya ng'ombe. Ndogo ya sauti kali, ya mbuzi. Nunueni machinjioni, ikiwa mbichi. Ile iliyokwisha kupakwa chumvi kwa ajili ya biashara iacheni: chumvi hunyonya unyevu, na hewa ya ziwani haikosi unyevu, kwa hiyo ngoma italegea kila jioni. Ikagueni pia kwenye mwanga. Mkato mdogo wa kisu hufunguka ngozi ikikazwa.

Kwangueni mafuta na nyama yote. Mafuta yakibaki, sauti inakuwa butu na wadudu wanakuja. Ngozi ikiwa imekwisha kukauka, ilowekwe kwenye maji baridi: ya mbuzi usiku mmoja, ya ng'ombe saa 24 au zaidi, hadi ikunjike bila kukataa. Msitumie maji ya moto hata mkiwa na haraka. Ngozi hujikunyata, na ikikauka inavunjika kama biskuti.

Kateni duara linalozidi mdomo wa ngoma kwa sentimita 10 hivi kila upande, mstari wa uti wa mgongo upite katikati. Hapo ndipo ngozi ilipo nene; mstari huo ukikaa pembeni, upande mmoja utalia tofauti na mwingine.

Sasa kuwamba. Kigingi cha kwanza kikishaingia, cha pili kiwe upande wa pili, kikitazamana nacho, kisha viwili vya kukatisha, halafu mjaze nafasi kwa mtindo huohuo. Wanasema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake; basi wekeni watu wawili, mmoja kila upande. Msivute hadi mwisho. Ngozi husinyaa inapokauka, na iliyokazwa kupita kiasi ikiwa mbichi huchanika kwenye vigingi au hupasua mzinga wenyewe. Inatosha mikunjo ikiisha na kidole kikibonyea kidogo.

Ianikeni kivulini, penye upepo, siku tano hadi saba, na watoto wasiiguse. Juani katikati hukauka kabla ya kingo na ngozi inapasuka.

Siku ya mchezo, moto wa nyasi unatosha. Izungusheni mbali kidogo na ndimi za moto huku mkiigonga. Sauti ikipanda, ondoeni. Baada ya mchezo itundikwe, isikae kwenye sakafu ya saruji, na ifunikwe kwa kitambaa. Nailoni huleta ukungu.

Ngoma ya zamani ya ukoo au ya utemi (uchifu wa Kisukuma) msiibadilishe ngozi, hata ikiwa imetoboka. Ngozi ile ni sehemu ya historia yake. Ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha waulizwe watu wa makumbusho ya Bujora, wanaotunza ngoma za watemi.