Besi ya bei nafuu: anza na shingo na nyuzi, pikapu zitasubiri

Mkuu, umesema una besi ya bei ya chini ya muundo wa Precision, yenye pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) ya pili ya muundo wa Jazz karibu na daraja, kile chuma kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi. Nyuzi zinagonga freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), sauti imefubaa, ukiichomeka kanisani inavuma, na washauri wako wamekwambia ununue pikapu mpya, daraja zito na saketi ya betri ya kuongeza nguvu ya sauti. Mimi ninayo ya aina hiyohiyo, nakala isiyo na jina kubwa. Nimeipiga kwaya na nimeipiga kwenye bendi ya dansi hapa Dar kwa miaka, na hakuna skrubu kwenye gitaa lile ambayo sijaifungua. Hela yako ya kwanza iende kwenye nyuzi na kwenye kuliseti gitaa. Pikapu ziwe za mwisho, na huenda ukifika huko usizihitaji tena.

Sababu ni hii. Mtengenezaji magitaa wa Kimarekani, Leo Fender, alitoa besi ya Precision mwaka 1951, pikapu yake iliyogawanyika vipande viwili ikaja 1957, na Jazz ikafuata 1960. Michoro hiyo ndiyo inayonakiliwa mpaka leo: bodi ya mbao, shingo iliyofungwa kwa skrubu, urefu wa uzi unaopiga milimita 864. Kiwanda cha bei nafuu kinanakili umbo bila shida. Kinachobana ni muda wa fundi: kusawazisha freti, kuchonga nati ya kichwani, kuweka poti nzuri, zile za vifundo vya sauti na toni. Kazi hiyo iliyorukwa unaweza kuifanya wewe mwenyewe mezani kwako.

Anza na shingo. Kaza nyuzi mpaka kwenye sauti zake za kawaida, E A D G, kisha mwombe mtu akubanie uzi mnene kwenye freti ya kwanza. Wewe ubane kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na bodi. Uzi huo sasa ni rula. Angalia mwanya kati ya uzi na freti ya nane: unataka takriban milimita 0.3. Fila geji ya fundi magari, ile ya kupimia valvu, inafanya kazi hii vizuri kabisa. Mwanya ukiwa mkubwa, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa spana ya L, mwelekeo wa mshale wa saa, robo mzunguko tu, halafu utyuni upya na upime tena. Usipokuwepo mwanya kabisa, legeza. Shingo ni mbao na haina haraka, kwa hiyo iache ilale usiku mzima kabla hujaamua kuongeza robo nyingine. Spana ikigoma, usiilazimishe, maana chuma kikikatikia ndani, shingo imekwenda.

Hapo ndipo unashusha nyuzi kwenye daraja. Kwenye freti ya 17, kati ya juu ya freti na chini ya uzi, lenga milimita 2.4 kwa E na 2 kwa G. Vidole vyako vikiwa vizito, acha juu kidogo. Wapo wapigaji wa rumba wanaoutandika uzi kweli, na besi iliyoshushwa sana haiwavumilii. Baada ya hapo linganisha sauti ya freti ya 12 ikiwa imebanwa na ile ya uzi ukiguswa tu hapohapo bila kubanwa. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi huo (kipande cha darajani unacholalia) nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Tyuna ya bure ya kwenye simu inatosha.

Kuhusu nati ya kichwani nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hawaigusi na ndiyo inayowatesa. Ni kile kipande cha plastiki ambacho nyuzi hupitia kabla ya kufika kwenye funguo za kukazia. Bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama mwanya ulio juu ya freti ya kwanza. Unatakiwa uwe mdogo sana, karatasi ya daftari ipite kwa kubanwabanwa. Kwenye gitaa langu ungeweza kupitisha kadi ya benki. Maana yake ukibana freti ya kwanza unauvuta uzi chini kupita kiasi na noti inapanda. Sasa noti za freti ya kwanza ni zipi? F kwenye uzi wa E, Bb kwenye uzi wa A. Bendi yenye tarumbeta na saksafoni hupiga sana nyimbo za F na Bb, kwa hiyo haiwezi kuzikwepa hizo. Unapiga umetyuni barabara na bado kiongozi wa bendi anakutazama vibaya.

Dawa ni kuchimba njia za nyuzi kwa tupa nyembamba ya duara, kidogokidogo, ukielekeza mteremko upande wa funguo, na ukisimama mara nyingi kupima. Mimi niliishia kutengeneza nati mpya ya mfupa wa paja la ng'ombe: uchemshwe mpaka mafuta yatoke, ukaushwe vizuri, ukatwe kwa msumeno wa chuma, usawazishwe kwa msasa. Vaa barakoa, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Malighafi yake inatoka buchani.

Freti. Zile ncha zinazokuchana kiganja zinatokana na mbao kukauka na kusinyaa huku chuma kikibaki vilevile. Gitaa lililotulia Dar wakati wa masika likipelekwa Dodoma kiangazi litakuonyesha ncha hizo. Laza tupa laini kando ya shingo, pitisha taratibu, malizia kwa msasa wa namba kubwa. Freti moja iliyoinuka itajitambulisha yenyewe: noti moja inagonga na jirani zake hazigongi. Hiyo mpe fundi anayejua. Na kama utasugua freti kwa pamba ya chuma, funika pikapu kwa tepu kwanza, kwa sababu sumaku hunyonya vumbi lile la chuma na kulitoa huko ni kazi.

Nyuzi sasa. Seti ya 45 hadi 105 (unene kwa elfu za inchi), nikeli, za kusokotwa kwa mduara, ndiyo ya kawaida na inatosha kwa gospeli na bongo fleva. Ukitaka sauti ya mviringo, ya kutembea, kama alivyopiga Tom Malanga na bendi ya Les Wanyika, jaribu nyuzi bapa, zile ambazo juu yake ni laini ukipitisha kidole. Ni ghali zaidi, lakini hudumu, na joto la jasho letu la pwani haliziui upesi kama zile za mduara. Mpiga besi James Jamerson kule Detroit alipiga Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa nzito ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike, na chini ya kifuniko cha daraja kulikuwa na sponji. Hiyo sponji ndiyo mabadiliko ya bei rahisi kuliko yote nitakayokutajia: kata kipande chembamba cha sponji ya godoro, kisukumize chini ya nyuzi mbele kidogo ya daraja, usikilize. Noti inakuwa fupi na nene, na dramu anapata nafasi yake. Kama hela ya nyuzi mpya haipo, chemsha za zamani, zikaushe kabisa, zirudishe. Uhai utarudi kwa muda mfupi, unatosha ibada kadhaa.

Tuje kwenye uvumaji. Kabla hujailaumu pikapu, shika nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, waya wa athi wa gitaa unafika kwenye daraja, na tatizo ni kwamba matundu ya ndani hayajakingwa. Ukishika chuma cha tundu la jeki mvumo ukapungua lakini ukishika nyuzi haupungui, waya unaokwenda chini ya daraja umeachia. Mvumo wa pikapu ya Jazz ikiwa peke yake ni tabia yake, haina pa kwenda. Ile ya Precision vipande vyake viwili hufutiana mvumo.

Jambo moja hapa si la mzaha: ukisogeza mdomo kwenye maiki huku umeshika nyuzi na ukapigwa shoti, acha kupiga. Gitaa halina kosa. Athi ya jengo au ya amplifaya ina kasoro, na anayetakiwa kuitwa ni fundi umeme.

Kukinga matundu si ngumu. Toa nyuzi, fungua bamba la mbele, pandisha tepu ya shaba kuta zote na chini, vipande vikipandana, kisha lehemu kila mpandano tone moja, kwa kuwa gundi ya tepu nyingi haipitishi umeme. Unganisha shaba hiyo na mgongo wa poti kwa waya mmoja. Hakikisha ncha ya moto ya jeki haigusi shaba, la sivyo gitaa litakuwa bubu.

Wakati bamba liko wazi, tazama poti. Kwenye langu zilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, na ya sauti ilikuwa inakwaruza kila ikizungushwa. Pikapu za kawaida zisizo na betri zinataka poti za kilo-ohmu 250, zilizoandikwa A250K. Hiyo A ni ya mpando unaofuata sikio la binadamu. Kuwa makini na kipenyo: poti za Kimarekani zina shingo ya karibu milimita 9.5, na matundu ya magitaa mengi ya Asia ni madogo kuliko hapo, itabidi uyapanue. Kapasita ya toni ni ya mikrofaradi 0.047, imeandikwa 473 mgongoni, na ukienda kwa wauza spea za redio Kariakoo utaipata kwa hela ya soda. Usiuziwe ile ya "zamani ya mafuta" kwa bei ya nyuzi. Kinachofanya kazi ni thamani yake. Jeki badilisha hata kama bado inafanya kazi. Ile dhaifu hulegea kwenye tamasha, kamwe si mazoezini.

Ukimaliza yote hayo, rekebisha kimo cha pikapu. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, acha kati ya uzi na pikapu karibu milimita 3 upande wa E na 2 upande wa G. Zikikaribia sana, sumaku huvuta uzi na noti inayumba. Kwako wewe mwenye pikapu mbili, shusha ya Precision hadi ilingane na ya Jazz kwa nguvu, kisha sikiliza kwenye amplifaya ya kweli. Bado unaona imefubaa? Basi sasa nunua ya Precision peke yake, yenye sumaku za alniko, kwa sababu nyingi za bei nafuu zina sumaku ya serami iliyobandikwa chini. Ya Jazz iache.

Saketi ya betri nakushauri usiweke. E ya chini kabisa ni takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika nyingi za makanisani na kumbini haziifikii kwa nguvu. Wasikilizaji wanaipata kupitia sauti zake za juu. Ukiongeza besi kwa betri unaichosha spika bure, na sebene inageuka ngurumo. Kinachosikika ukumbini ni sauti za kati. Isitoshe, ukisahau waya umechomekwa, betri inaendelea kuliwa bure.

Daraja zito pia sioni haja. Bamba jembamba lililokunjwa ndilo Fender alilotumia tangu mwanzo, na rekodi nyingi tunazozipenda zimepigwa nalo. Kama skrubu ndogo za kimo zinatetemeka, zipake tone la rangi ya kucha zikishakaa sawa. Funguo badilisha endapo tu zinateleza baada ya kukaza skrubu zake na kuhakikisha uzi umezunguka nguzo mara mbili au tatu ukielekea chini.

Vyote utakavyovitoa, viweke kwenye mfuko mmoja na uandike jina. Siku ukiuza, mnunuzi hatakulipa hata nusu ya gharama ya pikapu uliyoongeza, kwa hiyo utarudisha zile za kiwandani na kuhamishia zako kwenye gitaa linalofuata.