Hakuna anayetangaza kazi ya "mtu wa maua"

Jumatano usiku nilipokea ujumbe wa binti mmoja aliye mwaka wa tatu, anasoma usanifu wa mandhari, yaani kupanga miti, maji na ardhi ya nje ya majengo. Simtaji. Ujumbe wenyewe mrefu kama barua ya posa, ila kiini chake ni hiki: "Kaka, shikamoo. Nimepeleka barua za fildi, yale mafunzo kwa vitendo, ofisi 11. Tisa kimya. Moja wamesema hawachukui watu wa bustani. Ya mwisho wameniuliza kama najua kuchemsha chai."

Hiyo ya chai ndiyo iliyoninyima usingizi. Mdogo wangu, chai mimi nimechemsha miezi minane.

Nilimaliza chuo 2015. Kwa hapa kwetu Tanzania fani hii inafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Kenya wapo JKUAT kule Juja, na tulivyokuwa tunatoka chuoni kila mmoja wetu alijiona yeye ndiye atakayeikomboa Dar es Salaam na mafuriko. Mimi nikaangukia kwenye ofisi moja ya wasanifu majengo, mtaa siutaji. Kiti nilipewa, meza sikupewa. Kompyuta niliishika wenyewe wakienda kula. Kazi yangu ilikuwa kubandika miti: jengo likishachorwa, natafuta picha za miti mtandaoni, naikata, naibandika mbele ya ukuta ili mteja aone pamependeza. Siku moja bosi akaniambia, "Weka kijani hapo." Nikauliza, kijani gani? Akanitazama kama nimemtukana. "Kijani."

Nikaweka mti ambao mpaka leo sijui jina lake. Nadhani wa Ulaya. Jengo liko Dar na limekwisha, na mahali pa ule mti pana maegesho ya magari.

Walikuwa wananiita mtu wa maua. "Mtu wa maua, chai." Mimi nacheka nao. Malipo hakuna, nauli najitegemea, na bumu la chuo lilishakuwa hadithi za kale.

Kilichoniuma hasa si chai. Ilikuja kazi ya jengo la ofisi kwenye kiwanja kilicho bondeni kidogo. Nikaenda pale Jumamosi mbili kwa miguu yangu, moja ya mvua. Nikaona maji yanatoka barabarani, yanapita kwenye kona ya geti, yanakaa nyuma karibu na mahali walipopanga kuweka jenereta. Nikachora mfereji mpana usio na zege, wa nyasi na mawe, unaopinda kufuata mteremko, maji yapite taratibu yakinywewa na ardhi, kisha mitende miwili mitatu mwishoni. Mteja alikipenda kile kipande kuliko jengo lenyewe. Michoro ilipochapishwa, kwenye kona ya chini kulia, pale panapoandikwa nani amechora, kulikuwa na herufi mbili. Hazikuwa zangu.

Sikusema kitu. Nilichemsha chai, wakanywa. Ijumaa ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Sasa hapa ndipo watu huniuliza, "Halafu ukapata kazi wapi?" wakitegemea nitaje shirika. Nilikwenda kwenye kitalu cha miche cha kando ya barabara, vile mnavyoviona mkitoka Mwenge kwenda Bagamoyo. Si kusimamia, kumwagilia. Mama yangu hakuambiwa.

Mzee mwenye kitalu hakuwa na habari na shahada yangu. Siku ya tatu akanipa kiriba cha mwarobaini, akaniuliza, huu mche mzuri au mbaya? Nikaona majani yamejaa, shina limenyooka, nikasema mzuri. Akakigeuza kiriba, akakipasua kwa kidole gumba. Mizizi ilikuwa imejizungusha chini kama kata ya kichwani ya mchota maji. "Huu umezeekea ndani ya mfuko," akasema. "Ukiupanda hivi utasimama, utakufurahisha, halafu mwaka wa nne upepo unaulaza juu ya gari la mtu. Na wewe msomi utasema ni upepo." Akachukua wembe, akachana ile kata pande tatu, akautia kwenye kiriba kikubwa zaidi. Dakika mbili hazikufika. Miaka yangu yote ya chuo sikuwahi kugeuza kiriba.

Nilikaa pale miezi minne. Nikajua miti kwa majina matatu: la kitabuni, la mzee, na lile wanalotumia mafundi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kula leo, na nitaisema tena huko chini kwa sababu najua mtaipita. Jua miti.

Miaka miwili iliyofuata naiacha, ilikuwa ya vibarua na madeni. Ila kuna aibu moja lazima niitoe, maana nikisema mengine tu mtadhani nilizaliwa nayajua.

Nilipata kazi ya hoteli pwani ya mashariki ya Unguja. Kazi yangu mwenyewe, herufi zangu kwenye kona. Nikachora uzio mrefu wa maua ya iksora nyekundu kuanzia mapokezi mpaka baharini, miche 180. Kwenye picha ilikuwa inawaka. Sasa anayeijua Unguja anaujua uwanda: udongo kiganja kimoja, chini yake jiwe la matumbawe. Ni chokaa tupu. Iksora haiipendi chokaa, udongo wa namna hiyo unafunga madini ya chuma, mmea unashinda njaa mbele ya sahani. Wiki ya sita majani yakawa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Nikaongeza maji. Nikaongeza samadi. Yakazidi. Mtunza bustani wa hoteli, kijana wa pale pale kijijini, alikuwa ananiangalia tu. Mwisho nikamuuliza. "Kaka, hapa panakaa mkadi, panakaa mvinje. Hayo hayakai. Nilitaka kukuambia siku ya kwanza, ila ulikuja na laptopu."

Nilirudisha hela ya miche yote 180 kutoka mfukoni mwangu.

Ni baada ya hapo nilipopanda basi la Tanga, nikavuka Horohoro, nikaenda Mombasa kuangalia Haller Park kwa macho. Nilishaisoma chuoni na kuifanyia mtihani na nilifaulu, na haikunisaidia kitu pale Unguja. Bamburi, ilipo Haller Park, ni jiwe lile lile la matumbawe. Kiwanda cha saruji kilichimba mpaka pakabaki shimo jeupe linaloumiza macho, na mwaka 1971 Mswisi René Haller akaanza kujaribu kuotesha miti mle ndani. Alijaribu aina 26. Zilizodumu ni tatu. Mojawapo mvinje, huu huu wetu wa ufukweni, ambao mizizi yake inashirikiana na bakteria kujitengenezea naitrojeni. Lakini mvinje ukaleta tatizo jingine, majani yake yaliyodondoka hayakuoza, yakawa yanarundikana juu ya jiwe. Dawa ikawa jongoo. Waliletwa jongoo, wakayala yale majani, kinyesi chao kikawa udongo, na kwenye udongo ule ndipo miti mingine ikaweza kusimama. Leo ni msitu, kuna twiga na viboko, watu wanalipa kiingilio.

Nilikaa kwenye benchi pale nikapiga hesabu. Mtu alikosea aina 23 na watu wanakuja kumpigia picha. Mimi nimekosea moja nikataka kuacha kazi.

Basi, tuje kwenye fildi na ajira, maana najua ndicho mlichokuja kutafuta.

Ukiingia kwenye portal ya Sekretarieti ya Ajira ukatafuta "msanifu mandhari", utakesha. Kazi zipo, zimevaa majina ya wengine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza. Kampuni zinazofanya tathmini hizo zinahitaji mtu wa kutembea eneo zima, aseme mti gani upo, maji yanaelekea wapi, na mradi ukiisha ardhi irudishweje. Wanamwita msaidizi wa mazingira. Ni wewe huyo. Machimbo na migodi inahitaji mtu wa kurejesha mashimo. Barabara zinahitaji mtu wa kushika kingo zisimomonyoke, na kazi yangu ya kwanza ya hela nzuri ilikuwa hiyo, kupanda nyasi za vetiva kwenye mteremko wa barabara. Hakuna hata ua moja.

Halafu angalieni bonde la mto Msimbazi, Dar. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde lile: daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana ya mwendokasi iliyokuwa ikizama kila masika, na bustani kubwa ya jiji mahali maji yalipokuwa yakiua watu. Mradi wa namna ile una mkandarasi, una mshauri elekezi, una wakandarasi wadogo chini yao. Mwanafunzi anayepeleka barua kwa wasanifu majengo 11 na hajapeleka hata moja kwa wakandarasi wa mifereji, nitamwonea huruma lakini nitamgombeza pia.

Ukiweza kuvuka mpaka, vuka. Kigali walichukua kinamasi kilichoharibika wakakirudisha, sasa kinaitwa Nyandungu, zaidi ya hekta 120, kimefunguliwa kwa umma 2022. Wasanifu wa MASS Design Group wana ofisi pale pale Kigali na timu ya mandhari ndani yake. Nairobi, Kounkuey Design Initiative wanafanya kazi Kibera tangu 2006, kando ya mto, pamoja na wenye mtaa, na chama cha wasanifu wa Kenya, AAK, kina tawi la watu wa mandhari. Kwale, ghuba ya Gazi, kuna Mikoko Pamoja: wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, hela inaingia kwenye maji na shule. Kama unataka ikolojia ya kweli, kakanyage tope la pale. Jifunze kutofautisha mkoko na mkandaa na mchu kabla hujaenda, watoto wa pale watakucheka.

Na usajili, uulizie mapema pale AQRB, bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Usisubiri mpaka mteja akuulize namba yako.

Sasa kuhusu barua zenu. Nazipokea nyingi siku hizi, kwa hiyo nina haki ya kusema. Potifolio kurasa 40, machweo ya jua kila ukurasa, watu weupe wanatembeza mbwa kwenye bustani mliyoiweka Tandika ya Dar. Tandika! Mti gani huu? "Mti wa kivuli." Udongo gani? Kimya. Msimu wa kiangazi anamwagilia nani? Kimya. Ndugu zangu, kwenye mchanganuo wa gharama sisi tuko ukurasa wa mwisho, kazi za nje, na hela ikipungua tunakatwa sisi kwanza. Anayebaki ni yule anayeweza kumwambia mkandarasi kwamba bila huu mfereji ukuta wako utaanguka, na akamwonyesha kwa mpira wa maji. Si mzaha. Mpira mwembamba unaoona ndani, umejaa maji, fundi mmoja huku mwingine kule, maji yakitulia mnajua tofauti ya kimo. Nimeshinda mabishano mengi na wahandisi kwa huo mpira kuliko kwa programu yoyote.

Kwa hiyo jueni miti. Nendeni saiti. Nendeni siku ya mvua, si siku ya picha. Jueni udongo. Nimeshasema jueni miti?

Mwezi uliopita ile ofisi ya chai ilinipigia. Wana mradi, mteja anataka "mambo ya ikolojia", wanaomba niwe mshauri wao. Aliyepiga ni kijana mgeni, ana adabu, ananiita mhandisi, hajui lolote. Nilimjibu baada ya siku mbili. Nilikuwa na nafasi siku ile ile, nilichelewa kusudi, wala sioni haya. Nikatuma bei yangu, na chini nikaweka sharti moja: jina langu kamili kwenye kona ya kila mchoro, si herufi mbili. Wamekubali. Mke wangu anasema sijasamehe. Huenda.

Binti wa Jumatano, na wengine mtakaouliza: kuanzia Julai ninazo nafasi mbili za fildi. Nauli na chakula cha mchana natoa, posho ndogo ipo, na jina lako litaandikwa ulipochora. Usinitumie kurasa 40. Nitumie picha moja ya mti ulioupanda mwenyewe ambao bado u hai, majina yake yote unayoyajua pamoja na la nyumbani kwenu kwa bibi, na mistari mitano kuhusu mti ulioupanda ukafa na unadhani umekufa kwa nini. Chai tunachemsha kwa zamu, wiki ya kwanza ni zamu yangu.