Jenetiki kwa mnaoanza: anzeni na mchikichi, njegere baadae

Wadogo zangu mnaoingia fom siksi PCB na CBG hapa Kigoma, na nyie wa vyuo vya maabara mnaokuja field, nawaandikia mapema kabla hamjaanza kuchora zile boksi za Mendel bila kujua mnachora nini. Jenetiki sio topiki ngumu kiivo, ila inaangusha watu kwa kitu kimoja: wanadhani ratio ni mgao. Wakiona 3:1 wanaamini nyumba yenye watoto wanne lazima mmoja awe mgonjwa na watatu wazima. Hakuna kitu kama hicho. Ni uwezekano, na kila mimba unaanza upya, shilingi uliyorusha jana haikumbuki iliangukia wapi.

Mendel, yule aliyeanzisha hesabu hizi za urithi, alitumia njegere kule Brno akachapisha 1866, sawa, lakini ua la njegere wangapi mmeliona? Mchikichi upo nyuma ya nyumba. Chukua kisu kata chikichi katikati. Ganda likiwa nene na nyama ya mafuta nyembamba, hiyo ni dura, ndo ile ya kienyeji. Ganda likiwa jembamba, nyama nene, na ukiangalia kwa makini kuna duara la nyuzi nyeusi limezunguka ganda, hiyo tenera. Isiyo na ganda kabisa ni pisifera, na hiyo hutaiona sana maana mikungu yake mara nyingi inaoza kabla ya kukomaa. Tofauti yote hiyo ni jeni moja. Aleli ni toleo la jeni, unapata moja kwa kila mzazi. Dura ana aleli mbili za ganda, pisifera hana hata moja, tenera kapata moja tu. Walioonyesha hivyo ni Beirnaert na Vanderweyen huko Yangambi, Kongo, mwaka 1941, na jeni lenyewe likatambuliwa 2013.

Sasa mzee ana shamba la tenera, anaona inatoa mafuta vizuri (inazidi dura kwa kama asilimia 30), anaokota mbegu chini ya miti yake anapanda. Miaka inapita anaanza kulalamika kauziwa mbegu feki mwanzoni. Hajauziwa feki, tenera kwa tenera inatoa robo dura, nusu tenera, robo pisifera, basi. Ndo maana mbegu ya tenera lazima kila mara itengenezwe upya, dura awe mama na chavua itoke kwa pisifera, hapo zote zinatoka tenera, na hiyo ndo kazi mojawapo ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga hapahapa kwetu. Na tafadhali mkisikia mtu anaita hizo GMO mrekebisheni, pale hakuna jeni lililohamishwa, ni kuchavusha tu.

Ukielewa hapo, selimundu umeshaielewa. A ni aleli ya kawaida, S ni ya selimundu: SS anaumwa, AS kaibeba tu bila kuumwa, AA hana. Baba AS, mama AS, kila mimba robo SS, nusu AS, robo AA. Piga hesabu mwenyewe: familia yenye watoto wanne, uwezekano wa kupata mgonjwa mmoja kamili ni kama asilimia 42 tu, na kama asilimia 32 hawapati mgonjwa hata mmoja. Ndo hao wanakwambia kwetu hakuna ugonjwa huo. Nchi yetu inakadiriwa kuzaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na aleli ya S imebaki kwa wingi kwa sababu mtu wa AS anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwaio msishangae kuikuta kwa wingi mikoa kama yetu. Swali wanalolipenda watunga mitihani: dada mzima wa mtoto SS, uwezekano wa kuwa AS ni upi? Wengi wanaandika nusu. Ni theluthi mbili, kwa sababu SS umeshamtoa kwenye hesabu.

Nyie wa maabara, hili ni lenu. Ile sikling ya slaidi (kipimo cha kuona kama chembe za damu zinajikunja), ukichanganya damu na sodiamu metabisalfaiti ukafunika na kusubiri, chembe za AS nazo zinajikunja. Kwaio "sikling positivu" haimaanishi SS, inamaanisha kuna S, kutofautisha unahitaji elektroforesisi au HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za himoglobini. Na mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kutoka negativu huku ni SS, bado ana himoglobini ya kichanga nyingi. Aliyeongezewa damu majuzi nae usimuamini, unasoma damu ya mtu mwingine. Halafu ikitokea mtoto kasoma SS na baba kasoma AA, funga mdomo! Angalia lebo, uliza kuhusu kuongezewa damu, rudia kipimo, mpelekee daktari. Ndoa za watu zisivunjikie dirishani kwako.

Ualbino ni hesabu ileile, risesivu (unatokea ukipata aleli mbili tu), wazazi wote wawili wamechangia hata kama ni weusi tii. Nasisitiza kwa sababu huku bado lawama anabeba mama peke yake, na kuna wakati watoto ilibidi wahifadhiwe Kabanga kule Kasulu kwa usalama wao. Hemofilia ndo tofauti, ipo kwenye kromosomu X, baba hampi mtoto wa kiume X yake, kwaio mvulana kaipata kwa mama.

Kuhamisha jeni jifunzeni kwa insulini. Plasmidi (kipande cha DNA cha duara cha bakteria) inakatwa, jeni la binadamu linapachikwa, kimeng'enya cha ligesi kinaunga, bakteria anazalisha, ilifanikiwa 1978 na 1982 Marekani ikaruhusu kuuzwa. Agrobakteria, yule bakteria anayetumika kupachika jeni kwenye mimea, someni wenyewe, ni fupi.

Ila mkae na hii ya Desemba 2023, Marekani iliruhusu tiba mbili za selimundu siku moja. Lyfgenia inaingiza jeni jipya kwa kutumia virusi, huko ndo kuhamisha. Casgevy haiingizi kitu, inakata sehemu ya DNA ili himoglobini ya kichanga irudi kazini, huko ni kuhariri. Bei ni mamilioni ya dola kwa mgonjwa mmoja, tuliache. Zote zinagusa seli za uboho tu, hazifiki kwenye mbegu za uzazi. Kwaio mwanaume SS aliyetibiwa, mzima kabisa, kaoa mwanamke AS: kila mimba ni nusu SS, nusu AS. Ukiandika kwamba watoto wote watakuwa salama, rudi kwenye mchikichi.