Dalali akikwambia ujibu "hapana" kila swali, mkimbie

Wewe kijana wa Ntinda, simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu majaribio ya dawa kwa watu wenye afya: wanalipa kiasi gani, kama utaruhusiwa kuendesha boda jioni, na kama ni lazima uwatajie ule unga wa mizizi wa soko la Owino unaokunywa "kwa ajili ya nyumbani", yaani wa nguvu za kiume, maana dalali anayekupeleka huko amekwambia ukane kila kitu. Hilo la mwisho ndilo linaloua. Mengine yasubiri.

Dalali wangu naye aliniambia maneno hayo hayo. Dalali analipwa kwa kichwa: ukikataliwa kwenye vipimo hapati kitu, ukianguka baada ya kupokewa chake kiko mfukoni. Mshenzi yule! Bado ananipigia simu ananiita kaka.

Jaribio langu lilikuwa la dawa ya kushusha presha, nasi tulichukuliwa kwa sababu presha zetu ni nzuri. Yaani unamshusha mtu ambaye hana pa kushukia. Watafiti wanalijua hilo, ndiyo maana huanza na dozi ndogo na kukulaza. Wasichokijua ni ulichomeza kwa siri. Unga wa "nguvu" mara nyingi hutiwa sildenafil, ile dawa iliyo ndani ya Viagra, nayo hutanua mishipa. Si umbea: mwaka 2019 Zambia iliamuru kinywaji kimoja cha kuongeza nguvu kitolewe sokoni baada ya mamlaka ya dawa ya hapa kwetu Uganda kukipima na kuikuta humo, na aliyelalamika kwanza ni Mganda mwenzetu. Ongeza juu yake dawa ya presha, halafu usimame: damu inabaki miguuni, kichwani hakuna kitu.

Nesi alinipima nimelala, akasema, "Inuka polepole, ssebo." Ukuta ukageuka njano, masikio yakavuma, kilichofuata ni sakafu. Jino la mbele lilibaki pale. Miguu juu, dripu mkononi, namba ya juu ya presha 70. Daktari akauliza upya nimetumia nini, wanafunzi wawili wa kike wamesimama na madaftari. Nikataja. (Kwa taarifa yenu, unga wenyewe ulikuwa unafanya kazi vizuri.) Wakanitoa kwenye utafiti, na jino nikalilipia mwenyewe, ningedai kwa uso gani, na fomu ina saini yangu kwamba situmii kitu?

Kwa hiyo beba pakiti yenyewe, iweke mezani mbele ya daktari kabla hajauliza. Vidonge vya maumivu, mairungi, waragi ya jana, vyote vitaje. Wakikukataa, rudi kwenye boda yako. Na dalali akilalamika kwamba umemharibia, mpe namba yangu.