Moshi mweusi mlimani: skrubu ya kabureta haitamaliza tatizo

SWALI: Nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1988, yenye injini ya petroli ya 22R. Tangu nihamie Njombe kutoka Tanga, inatoa moshi mweusi kila inapopanda mlima, inanuka petroli na inakula mafuta kupita kiasi. Fundi amebadilisha plagi na chujio la hewa, na amekaza na kulegeza skrubu ya kabureta mara nyingi. Hutulia kwa siku chache, kisha plagi hujaa masizi tena. Je, ni hali ya hewa ya huku, au kabureta imekwisha?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ndugu msomaji, hewa ya Njombe inachangia, ila haistahili kubebeshwa lawama yote. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takribani moja ya tano, na kwa kuwa kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, haijirekebishi yenyewe, injini inayohitaji gramu 14.7 hivi za hewa kwa gramu moja ya petroli huishia kupata 13 na kidogo, yaani petroli inazidi. Hilo hupunguza nguvu na kuongeza ulaji wa mafuta, lakini halitoshi kujaza plagi masizi kwa siku chache.

Skrubu anayoishughulikia fundi wako hutawala mchanganyiko wa silensa, yaani injini inapowaka bila kukanyagwa mafuta. Moshi wako hutoka mlimani, wakati petroli inapopita katika jeti kuu, yaani kitundu kinachopima petroli injini inapofanya kazi, kwa hiyo mwombe aiache skrubu hiyo kwanza.

Aanze na kiwango cha petroli. Kabureta ya 22R ina kidirisha kidogo cha kioo kwenye bakuli la petroli. Gari likiwa kwenye sehemu tambarare, injini ikiwa ya moto na iko silensa, petroli ionekane usawa wa alama ya katikati. Ikiwa juu ya alama, sindano inayoziba njia ya petroli haizibi vizuri, au floti, yaani boya linaloisukuma sindano hiyo, imeharibika. Floti itolewe na kutikiswa karibu na sikio. Ikisikika petroli ikichezacheza ndani, imetoboka na ibadilishwe. Hapa ndipo ninaposhuku zaidi.

Kiwango kikiwa sawa, ondoeni kifuniko cha chujio mwangalie choki, inayopunguza hewa injini ikiwa baridi: injini ikishapata moto, kibati chake kinapaswa kusimama wima kabisa. Kisha valvu ya nguvu, ambayo huongeza petroli injini inapobeba mzigo, na hufungwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Pistoni yake ikikwama chini, petroli ya ziada humwagika hata barabara ikiwa tambarare. Muulize pia fundi kama jeti ziliwahi kuzibuliwa kwa waya wa chuma, maana shaba ni laini na tundu likishapanuliwa halirudi. Huo ni uharibifu wa kusikitisha, nao hufanywa kwa nia njema.

Lingine lisisubiri: chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, oili imekuwa nyepesi na haiwezi kulinda injini, basi imwagwe na kuwekwa mpya kabla hujasafiri, na kiwambo cha pampu ya petroli kikaguliwe, kwani kikipasuka huvujisha petroli ndani ya injini.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo iwekwe jeti kuu yenye tundu dogo zaidi kwa ajili ya mwinuko wa Njombe, na skrubu ya silensa irekebishwe mwisho.