Chora Kivuli Kwanza

Mwaka wangu wa kwanza wa kuunganisha michoro na picha za kamera nilichora nyangumi anayeshuka ngazi za jengo la ghorofa. Zilinichukua siku tisa kumchora, kila kunjo la ngozi yake, kisha nikamweka juu ya picha niliyopiga mwenyewe. Akaonekana kama kibandiko. Mwanga wa picha ulitoka dirisha la kushoto, nami nilikuwa nimemwangazia kutoka kulia, tena tumbo lake halikuacha kivuli hata kwenye kidato kimoja.

Tangu hapo nachora kivuli kabla ya mnyama, na wewe unayeanza nakusihi ufanye hivyo. Kagua kwanza vivuli vilivyomo kwenye picha. Jua kali hutoa kivuli chenye ukingo mkali, mawingu hukififisha. Katika programu ya kuhariri picha, tabaka la kivuli liweke kwenye hali ya maltiplai (multiply), inayotia giza kilicho chini bila kukifunika, ili sakafu iendelee kuonekana chini yake, na usitumie nyeusi tupu: nje, siku ya jua, kivuli huwa na ubuluu kwa kuwa kinaangazwa na anga. Pale mguu unapogusa ardhi kivuli hukolea. Kadiri kinavyokwenda mbali hupauka na ukingo wake hulainika. Kwenye ngazi hukatika kila kidato. Hilo nililielewa nilipokunja karatasi kama ngazi, nikasimamisha kinyago cha udongo mbele ya taa na kuchora nilichokiona.

Jambo la pili ni mstari wa upeo, pale ardhi na anga zinapoonekana kukutana. Ukipiga picha umesimama, mstari huo uko usawa wa macho yako. Basi mtu wa kimo chako utakayemchora kwenye ardhi hiyo tambarare, awe karibu au mbali, macho yake yaufikie mstari huo. Ukikosea hapo, kivuli kizuri hakitakuokoa.

Halafu ruhusu picha ifunike mchoro. Nguzo, reli ya ngazi, mlango ulio wazi nusu: kimoja kikipita mbele ya mnyama wako, atakuwa ndani ya mahali pale.

Wengi watakushauri uufiche mchoro mpaka ufanane kabisa na picha. Sikubaliani nao. Ongeza chembechembe kidogo, kama zile za picha ya kamera, ili usiwe safi kupita picha, lakini mistari ya penseli iache ionekane. Macho hufurahia kujua kwamba mkono wa mtu umepita hapo.

Sanaa hii haikuanzia kwenye kompyuta. Msanii Hannah Höch alikata na kubandika picha za magazeti mjini Berlin zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mpiga picha Jerry Uelsmann wa Marekani aliunganisha negativu (filamu zilizopigwa picha) kadhaa katika chumba cha giza cha kusafishia picha, miaka mingi kabla ya Photoshop, programu ya kuhariri picha, kutoka mwaka 1990. Kwa hiyo simu na karatasi vinatosha kuanzia.

Ila mahali pachague kwa subira. Korido, sinki, kituo cha basi kitupu: patazame mpaka pakukumbushe kitu kingine. Nyangumi wangu alikuja kwa sababu vidato vile, kutoka juu, vilifanana na mawimbi. Na kiwe kimoja tu cha ajabu. Taa, ufagio na ndoo vibaki vilivyo.

Nyangumi yule sikumchora upya. Nilimgeuza kulia-kushoto ili mwanga ukubaliane, nikapitisha reli mbele ya pezi lake, nikavunja kivuli chake kidato kwa kidato. Jirani alipoiona picha aliniuliza ngazi zile ziko jengo gani.