Maswali yenu kuhusu nauli ya bure Luxembourg

Juzi niliandika kwamba Luxembourg, ile nchi ndogo ya Ulaya, abiria halipi nauli. Mmeuliza mengi, nimeyachukua haya manne.

Ni bure kweli, hata kwa mgeni?

Ndiyo. Tangu mwishoni mwa Februari 2020, basi, tramu (treni nyepesi za mitaani) na treni za ndani hazilipiwi, uwe mwenyeji au mtalii. Unapanda, unakaa. Kinacholipiwa ni daraja la kwanza la treni, na safari za kuvuka mpaka: ukitokea Metz, unalipia kile kipande cha Ufaransa.

Nani anabeba gharama?

Walipa kodi, na walikuwa wakiibeba tangu zamani. Tiketi ya saa mbili iliuzwa yuro 2, na mauzo yote kwa mwaka yalikuwa takriban yuro milioni 40, ilhali uendeshaji ulikula karibu milioni 500. Serikali ilisamehe hizo milioni 40 tu.

Basi foleni zimekwisha?

Bado, na hapa naomba tusilewe na neno "bure". Nchi haijafikisha watu 700,000, lakini wafanyakazi zaidi ya 200,000 wanaishi Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani na kuja kufanya kazi humo, wengi wao kwa magari. Mtu haachi gari nyumbani kwa ajili ya yuro 2. Analiacha akiwa na hakika kwamba treni itafika, na itafika kwa saa yake. Kwa hiyo mimi nauli inanivutia kidogo. Kinachonivutia hasa ni ujenzi.

Tazameni kituo cha Pfaffenthal-Kirchberg, katika mji mkuu. Treni inapita chini bondeni, maofisi yako juu kwenye uwanda wa Kirchberg, na katikati ni mteremko mkali. Tangu Desemba 2017 unashuka kwenye treni, unaingia kibehewa kinachovutwa kwa kamba ya chuma, na kwa kama dakika moja umeshafika juu, tramu iko hapohapo. Aliyebeba mtoto mgongoni haulizi tena atapandaje mlima. Huko ndiko kumheshimu abiria.

Nimeona picha za tramu isiyo na nyaya juu. Inatembeaje?

Katikati ya jiji nyaya ziliachwa ili zisiharibu sura ya mitaa ya zamani. Tramu ina hifadhi yake ya umeme, na huchajiwa kila inaposimama kituoni, abiria wakipanda na kushuka. Hata daraja la Adolphe, la mwaka 1903, lilibidi lipanuliwe na kuimarishwa ili liibebe. Nchi iliyoachana na tramu mwaka 1964 imetandika reli upya, na tangu Machi 2025 zinafika hadi uwanja wa ndege.